Kasoro Kibaba

Daftari lilikuja ndani ya bati la biskuti kutoka Mchinga,
limefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na Somoe Nakuchema akalitua juu ya meza yangu ya steshenari
kama aletaye kuku mgonjwa.
"Lichape lote. Usiniruke hata doa."

Mimi huchapa barua za kuomba kazi,
mihtasari ya vikao vya ushirika, kadi za harusi za Lindi nzima.
Sijawahi kuchapa deni la marehemu.

Nikaanza.
Sifuri ya mle ni nukta. Tano ni duara, yai lisiloatamiwa.
Mashine ikazipokea bila kunung'unika,
maana kila moja ina namba yake
huko yanakotunzwa maandishi ya dunia:
nukta ile ni sifuri sita sita sifuri,
yai lile ni sifuri sita sita tano.
Hata sifuri ina kitambulisho!
Mimi changu nilikingoja miaka miwili.

Ukurasa wa tisa nikakwama.
Mbele ya pishi saba za ufuta za Binti Lijonjo
palikuwa na mstari mfupi ulioinama,
ncha imekunjwa kama mkia wa nge.
Nikapekua, nikabadili mwandiko, nikazima, nikawasha.
Skrini ikanipa

pishi ٧ □

kisanduku kitupu,
nyumba isiyo mlango wala mpangaji.

Tukaanza kuihesabu.
Arobaini na moja.
Kwa Binti Lijonjo ipo. Kwa Mama Chipande ipo, mara sita.
Kwa Shamte, aliyejua kusoma, haipo.
Kwa karani wa forodha haipo.
Jina la mwenye daftari mchwa wamelila,
alama yake wameiacha.

Ukurasa wa kumi na mbili ndio uliotoboa:
pishi saba, kisha mkia wa nge,
kisha malipo ya pishi sita na vibaba vitatu.
Somoe alihesabu kwa vidole, mimi kwa kikokotoo.
Tulifika pamoja, tukanyamaza.

Haba na haba hujaza kibaba,
tuliimbishwa hivyo shuleni, mikono nyuma.
Hakuna aliyeuliza
kibaba cha nani.

"Basi tuache nafasi," nikasema,
"alama yenyewe ni ya wizi, ya nini kuijengea?"
Akanitazama kama mteja aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Ukiacha nafasi, hesabu itakuwa sawa.
Na hesabu ikiwa sawa,
Binti Lijonjo alilipwa.
Huyo ni bibi yangu. Hakulipwa."

Pishi kumi na kibaba kimoja, ukijumlisha wote.
Si utajiri. Ni ugali wa mwezi,
ni kanga doti moja, labda, na sabuni.

Sasa naijaza fomu ya wale wanaozipa alama namba.
Wanataka umbo. Wanataka ushahidi, kurasa tatu au zaidi.
Wanataka jina, nami nimeandika: KASORO KIBABA.
Wanauliza ilitumiwa na nani,
nikaandika, na mwenye mzani.
Wanauliza ilitumiwa kwa nani. Hapana,
hilo hawaulizi. Nimeliongeza pembeni.

Wanauliza kama alama hii ingali inatumika.

Nje ni msimu wa ufuta.
Gunia limepanda mzanini, mshale unatetemeka,
na karani wa kona, goti lake
limeegemea sahani ya chuma, kidogo tu, kama aliyechoka.
Swali hilo nimelipita, nitalirudia.

Kilichobaki ni kuichora.
Nimeichora mara kumi, inatoka nzuri mno,
imenyooka, ina adabu, kama ya kadi ya harusi.
Somoe anasimama nyuma ya kiti changu na bati lake.
"Usiipambe," anasema.
"Ipinde. Mkono ule ulikuwa na haraka."